Kuuza Kiwanja Kitupu: Wewe Mwenyewe au kwa Dalali?



Wengi wenu mnaolima katika skimu za Shimba Hills, Tezo-Roka, Magarini na Mpeketoni hamkuzaliwa hapo mnapolima. Kila mmoja ana kwao. Wako ambao kwao ni kisiwani Mombasa, na huko wameachiwa na wazee wao kipande cha ardhi ambacho hakuna anayekaa juu yake. Mwenye kiwanja yuko shambani na jembe lake, nacho kiwanja kiko mjini peke yake. Ndipo fikira inapomjia: "Afadhali nikiuze, ninunue ng'ombe wa maziwa na nimalize ada ya shule."

Mwenzenu mmoja alifika afisini petu na fikira kama hiyo. Nyanya yake alikuwa na nyumba Bondeni, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Nyumba ilianguka miaka mingi iliyopita, na mahali pake pakabaki patupu. Siku moja alitokea shambani kwake mtu aliyejiita dalali. Alisema ana mnunuzi tayari, akatoa shilingi 20,000 taslimu ziwe "za kufungua mdomo," kisha akataka mambo mawili: hati ya asili ya kiwanja, na sahihi katika fomu ambayo nafasi zake zote zilikuwa bado hazikujazwa.

Mwenzenu huyo hakutia sahihi. Alifunga karatasi zake katika mfuko wa plastiki, akapanda basi, akaja kuuliza: "Niuze mwenyewe au nimpe dalali?"

Swali hilo ni zuri, nasi tutalijibu. Lakini ni swali la pili. Liko la kwanza ambalo watu hulipita mbio, na wanaolipita ndio wanaopoteza kiwanja na fedha pamoja. Swali la kwanza ni hili: je, kiwanja hicho ni chako, nawe unaweza kukiuza leo?

Kwanza: chunguza ulicho nacho

Kabla hujamtafuta mnunuzi wala dalali, yafaa uyapitie mambo haya sita, moja baada ya jingine.

1. Jina lililo katika daftari la ardhi. Nenda afisi ya ardhi ya Mombasa na namba ya kiwanja, uombe kupekua daftari. Utalipa ada ndogo, nawe utaonyeshwa jina la mwenye ardhi, kama ni milki ya daima au ya miaka, na kama kuna deni la benki au zuio lililoandikwa. Hati nyingi za pwani zina asili yake katika sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo ilimtaka kila mwenye ardhi wa ukanda wa pwani apeleke madai yake yaandikwe. Kwa hiyo usishangae kuona hati ya kisiwani haifanani na hati ya jirani yako wa skimu. Liamini daftari kuliko masimulizi ya barazani.

2. Nyumba bila ardhi. Hii ni desturi ya Mombasa tangu zamani, nayo imewadanganya wajukuu wengi. Mwenye ardhi alimpa mtu ruhusa ya kujenga nyumba yake, na mwenye nyumba akawa analipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ilikuwa ya huyu, ardhi ya yule. Basi nyumba ikianguka, wajukuu hubaki wakisema "kiwanja chetu," na kumbe walichokuwa nacho kilikuwa nyumba tu. Tazama karatasi za marehemu. Ukikuta stakabadhi za kodi ya ardhi zilizotiwa sahihi na mtu mwingine, simama hapo, uulize kwanza.

3. Wakf. Ardhi iliyowekwa wakf haiuzwi, wala hairithiwi kama mali nyingine. Kama wazee wa mtaa wana mashaka, ulizia katika afisi ya Tume ya Wakf huko Mombasa.

4. Jina la marehemu. Ikiwa daftari lingali na jina la nyanya au baba aliyefariki, huwezi kuuza, hata kama kila mtu mtaani anajua kuwa wewe ni mjukuu wake. Sheria ya Urithi ya Kenya yakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na ardhi haiwezi kuuzwa kabla idhini hiyo haijathibitishwa. Waislamu huweza kupeleka jambo lao katika Mahakama ya Kadhi, na mali hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Wengine huenda katika mahakama za kawaida. Kumbukeni kwamba binti, dada na mjane wana mafungu yao. Ndugu wa kike aliyeolewa mbali na kusahauliwa ndiye atakayekuja na wakili wake siku ambayo fedha zimekwisha kutumika.

5. Mke au mume. Kama kiwanja ni mali ya ndoa, sheria ya mwaka 2013 yataka mwenzako akubali kabla hakijauzwa. Kubali kwake kuandikwe.

6. Mipaka, wakaaji na kodi ya mji. Kiwanja kitupu hakina mlinzi. Jirani husogeza ukuta, fundi huweka karakana, mama huweka banda la mkaa, na mawe ya mpaka hufukiwa. Mtu akikaa juu ya ardhi ya mwenyewe kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, aweza kwenda mahakamani akadai iandikwe jina lake. Kwa hiyo mwite mpima ardhi mwenye leseni ayafufue mawe, kisha uzungushe hata ua wa mabati. Halafu uliza Serikali ya Kaunti ya Mombasa deni la kodi ya kiwanja ni kiasi gani. Bila cheti cha kuonyesha kwamba kodi imelipwa, uhamisho hauandikwi. Na kama ardhi ni ya miaka, iko pia kodi ya Serikali Kuu.

Mwenzetu wa Bondeni alikwama katika jambo la nne. Hati ilikuwa halali na namba ilikuwa sawa, lakini jina lilikuwa la nyanya. Yeye alikuwa mmoja tu wa warithi saba. Angalitia sahihi ile fomu tupu, angalikuwa ameuza kitu ambacho sehemu yake kubwa si yake, na hati ya nyanya ingalikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina la baba yake.

Dalali anauza nini?

Sasa tuje katika swali la pili. Fikiria mahindi yako. Waweza kumwuzia mchuuzi anayekuja na lori mpaka shambani, au waweza kuyabeba mwenyewe mpaka sokoni Kongowea. Mchuuzi hakulima. Anachokuuzia ni miguu yake, lori lake na kule kuwajua kwake wanunuzi. Kama bei yake ni nzuri kuliko ile utakayobaki nayo baada ya nauli na siku ulizopoteza, mpe. Kama sivyo, beba mwenyewe.

Dalali wa ardhi ni vivyo hivyo. Kazi yake ni kumtafuta mnunuzi, kumwonyesha kiwanja, na kuwapatanisha juu ya bei. Hiyo ni kazi halali na yenye thamani. Lakini dalali hakupi haki ya kuuza kama huna, hathibitishi hati, wala haruhusiwi kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo; hiyo ni kazi ya wakili. Anayekuambia, "Niachie kila kitu, wewe ngoja fedha tu," anakuuzia kitu ambacho hana.

Ukiuza mwenyewe

Kuuza mwenyewe kunafaa hasa kwa kiwanja kidogo cha kisiwani, kwa sababu ardhi ya kisiwa ni haba na wanaoitaka mara nyingi wako karibu. Anza kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Kwake yeye kiwanja chako kina thamani kuliko kwa mgeni, maana kitaongeza ua wake. Kisha waulize jamaa, watu wa msikitini au kanisani, na wenye maduka ya mtaa huo. Weka kibao juu ya kiwanja chenye namba ya simu yako.

Usitaje bei kabla hujaijua. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akuandikie thamani ya kiwanja. Ada yake ni ndogo kuliko hasara ya kutaja bei ya miaka kumi iliyopita.

Taabu za njia hii nazo zijulikane. Kila mtu atakayetaka kuona kiwanja atataka uwepo. Mkulima wa Shimba Hills atavuka Likoni mara nyingi, na mkulima wa Mpeketoni atalala njiani. Wengine watakaokuja si wanunuzi. Wanatazama tu, au wanataka nakala ya hati yako kwa kazi zao wenyewe. Na wewe ambaye huuzi ardhi ila mara moja katika maisha utapatana bei na mtu ambaye pengine hununua kila mwezi.

Ukimpa dalali

Kumpa dalali kunafaa kama unakaa mbali, kama huna mtu wa kuaminika mjini, au kama umejaribu majirani na hakuna aliyejibu. Lakini fuata masharti haya.

Kwanza, ulizia usajili wake. Kwa Sheria ya Madalali wa Ardhi na Nyumba ya mwaka 1984, hakuna ruhusa ya kufanya kazi hiyo Kenya bila kusajiliwa na bodi ya madalali. Mtu wa baraza la kahawa anaweza kuwa mwema na mwenye kujua mtaa wote, lakini akikukosea huna bodi ya kumshtakia.

Pili, patana naye kwa barua. Barua hiyo iseme kiwanja ni kipi, bei ya chini kabisa ni ngapi, ujira wake ni asilimia ngapi, nani atalipa gharama za matangazo, na kazi yake itakwisha lini. Miezi mitatu au sita yatosha. Iseme pia kwamba ujira hulipwa mauzo yakikamilika, si siku mtu alipoonyeshwa kiwanja. Na majirani uliokwisha kuzungumza nao, andika majina yao katika barua hiyo ili asije akadai ujira juu yao.

Tatu, kataa mapatano ya "wewe taka milioni tatu, zinazozidi ni zangu." Katika mapatano hayo hutajua kamwe kiwanja chako kiliuzwa kwa bei gani, na dalali hatakuwa mtu wako tena, bali mchuuzi anayefanya biashara kwa mali yako.

Nne, mpe dalali mmoja, si kumi. Kiwanja kinachotangazwa na watu kumi kwa bei kumi huwatia wanunuzi shaka, nao hukimbia.

Tano, mpe nakala ya hati tu. Hati ya asili ikae kwa wakili wako au mahali pa salama. Usimtilie sahihi hati ya uwakala ya kuuza kwa niaba yako, wala fomu yo yote yenye nafasi tupu. Na fedha za kiwanja zisipite mikononi mwake.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Jirani yuko tayari kukupa shilingi 4,000,000. Ukiuza mwenyewe, tuseme utakwenda mjini mara kumi kwa shilingi 1,500 kila mara, yaani shilingi 15,000. Zinabaki 3,985,000.

Dalali anataka asilimia 3. Akimleta jirani yule yule kwa bei ile ile, ujira wake ni shilingi 120,000, na wewe wabaki na 3,880,000. Umepoteza. Lakini akimpata mtu wa shilingi 4,300,000, ujira ni 129,000, na wewe wabaki na 4,171,000. Umepata. Kwa mfano huu, ni lazima dalali auze kwa kama shilingi 4,110,000 ndipo umfikie yule jirani uliyempata mwenyewe. Kwa hiyo usiulize tu, "Dalali anachukua ngapi?" Uliza, "Nikishamlipa, mimi nabaki na ngapi?"

Gharama nyingine ni zile zile kwa njia zote mbili. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, si ya bei yote. Sheria ina misamaha yake, basi mwulize wakili kama inakuhusu. Usikubali kuandika bei ya uongo ili kupunguza kodi. Mthamini wa Serikali huiangalia bei hiyo, na mkigombana na mnunuzi, mahakama itasoma kilichoandikwa.

Yasiyobadilika kwa njia yo yote

Uuze mwenyewe au kwa dalali, mapatano ya kuuza ardhi ni lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yawe na mashahidi. Maneno ya mdomo na kupeana mikono hayatoshi mbele ya sheria. Kila upande uwe na wakili wake. Wakili mmoja kwa wote wawili huokoa fedha kidogo leo na kuleta ugomvi kesho. Desturi ya mawakili ni mnunuzi kutoa asilimia 10 kwanza, na mauzo kukamilika katika siku 90. Fedha zipite kwa mawakili au benki, zikiwa na stakabadhi. Usimruhusu mnunuzi aanze kujenga kabla hajamaliza kulipa.

Shamba la skimu si kiwanja

Neno hili lisomwe mara mbili. Haya yote tumeyasema juu ya kiwanja cha mjini. Shamba ulilogawiwa katika skimu lina sheria zake. Pengine lina deni la mfuko wa makazi ambalo halijalipwa, na deni hilo huandikwa juu ya ardhi mpaka liishe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo ilibana uhamisho wa ardhi ya skimu, ikaiacha wazi njia ya urithi. Tena, kwa Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya mwaka 1967, kuuza shamba la kilimo kwataka kibali cha baraza la ardhi la eneo, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu siku ya mapatano. Bila kibali, mapatano ni bure, na aliyelipa aweza kudai fedha zake zote. Basi dalali akija kwako na mnunuzi wa shamba la skimu, usizungumze naye bei. Nenda kwanza kwa afisa wa makazi wa eneo lako.

Mwisho

Mwenzetu yule aliirudisha ile shilingi 20,000 mbele ya mzee wa kijiji, akaandikiana na yule mtu kwamba hawadaiani. Kisha aliwaita warithi wote saba, na dada yake mmoja akaja kutoka Lamu. Wamepeleka jambo lao kwa Kadhi, na wakati huu wanangoja. Kiwanja hakijauzwa. Wamekizungushia mabati, deni la kodi wanalilipa kidogo kidogo kwa kuchangiana, na jirani wa upande wa kaskazini amekwisha kuuliza bei. Idhini ikithibitishwa, wataanza na huyo jirani. Akishindwa, watampa dalali aliyesajiliwa kwa miezi mitatu, kwa barua.

Hakupata ng'ombe wa maziwa mwaka huu. Lakini nyanya yake hakunyang'anywa kiwanja akiwa kaburini, wala ndugu zake hawajagombana.

Nawe mkulima, kama una kiwanja cha namna hiyo, anza kesho na jambo moja tu: tafuta namba yake, uende ukapekue daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.